Tatuu Ni Kidonda Kwanza: Mchoraji Anajibu Barua Zenu

Barua zimejaa kwenye droo hadi haifungi vizuri, na wengi wenu mnauliza yaleyale kwa maneno tofauti: inauma? inafutika? ni salama? Safari hii nimechagua za wale ambao hawajawahi kukaa kwenye kiti, na chache za wale waliokaa wakajuta. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mchora tatuu, mwaka huu natimiza miaka 14 kazini. Tatuu yangu ya kwanza, ndege mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, siku hizi watu wananiuliza kama ni samaki. Nitamrudia huyo ndege.

Shikamoo dada. Nina miaka 20 na nataka tatuu ya kwanza mkononi, ila naogopa sindano. Halafu kuna jambo silielewi. Ngozi inabanduka kila siku, tunaoga, tunatoka jasho. Sasa wino unabakije? – Mwoga mwenye hamu

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na sindano. Hiyo ya hospitali unayoiogopa ina tundu ndani, inazama hadi kwenye msuli na inasukuma dawa. Yangu haisukumi chochote. Ni vijisindano vilivyofungwa pamoja, vitatu kwa mstari mwembamba, tisa au zaidi kwa mstari mnene, na vingine vimepangwa safu kama meno ya kitana kwa kazi ya kujaza rangi. Mashine inavipandisha na kuvishusha mara elfu kadhaa kwa dakika. Nikichovya kwenye kikombe, wino unanasa katikati yao kama unavyonasa kwenye nibu ya kalamu, na kila vinapotoboa ngozi, kidogo kinateremka na kubaki humo. Kina chenyewe ni milimita 1 hadi 2 tu.

Inauma? Inauma. Ni kama mtu anakukwaruza kwa ukucha pale ulipoungua jua, halafu haachi. Upande wa nje wa mkono wa juu unavumilika. Mbavu, muundi, nyuma ya goti, ndani ya kiwiko, huko nimeona mabaunsa wenye vifua kama milango wakiomba maji. Na niliowaona wakizimia kwenye kiti changu, karibu wote walikuja na njaa au hawakulala usiku wake. Kula vizuri, lala, usinywe pombe. Pombe haipunguzi maumivu kama wanavyodhani, inakufanya tu utapatape na uchelewe kuacha kutoka damu.

Swali lako la pili ndilo lililonifurahisha, maana wengi hawaliulizi. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha lote kwa muda wa kama mwezi mmoja au zaidi kidogo. Wino unaoishia humo hutoka nalo, ndiyo maana wiki ya kwanza shuka lako litakuwa na madoa ukadhani tatuu inayeyuka. Wino unaodumu ni ule uliofika tabaka la chini yake, palipo na mishipa midogo ya damu na neva. Ukifika huko mwili unashtuka kwamba kuna mvamizi. Seli walinzi zinakuja mbio na kuumeza. Ila chembe za wino hazisagiki, basi mlinzi anabaki palepale na tonge lake mdomoni. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo hufa kama seli nyingine, wino unamwagika, na seli mpya zinaumeza papo hapo kabla haujaenda mbali. Kwa hiyo huo mchoro utakaouona mkononi ni mzigo unaopokezanwa na walinzi wa zamu maisha yako yote. Huwa nawasimulia wateja hivyo wakiwa wamelala kwenye kiti. Nusu yao wananyamaza hadi mwisho wa kazi.

Si chembe zote zinazotulia, lakini. Nyingine huponyoka na kusafiri hadi kwenye tezi za limfu, zile ngome za kinga ya mwili, na madaktari wa upasuaji wamekuta tezi za kwapani zimeshika rangi ya tatuu ya mkono. Na kadiri miaka inavyopita mstari unapanuka kidogo. Ndiyo sababu nakataa kuchora maandishi madogo kama ya gazeti. Leo yanasomeka, baada ya miaka kumi ni uzi wa buibui.

Ukija, utaona hivi: nitanyoa vinywele, nitasafisha ngozi, nitabandika stensili, yaani mchoro wa mfano, ya rangi ya zambarau, nitakuambia usimame mbele ya kioo. Hapo ndipo mahali pa kubadilisha mawazo. Sogeza juu, sogeza chini, futa, bandika upya, sichoki. Kisha mkono wangu wa kushoto utaivuta ngozi hadi ikaze kama ngoma. Wanafunzi wangu huutazama mkono wa kulia wenye mashine. Nawaambia wautazame wa kushoto, maana ngozi ikilegea sindano inaruka na mstari unatetemeka hata ukiwa na mkono wa malaika.

Dada, mchoraji mmoja aliniangalia akasema ngozi yangu ni nyeusi mno, rangi hazitashika, nikubali wino mweusi tu. Nilitaka ua jekundu begani. Ni kweli alichosema? – Mweusi na sijuti

Amesema nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ni uvivu.

Iko hivi. Rangi ya ngozi yetu inakaa kwenye tabaka la juu. Wino unakaa chini yake. Kwa hiyo tatuu yoyote, ya mtu yeyote, unaitazama kupitia ngozi kama unavyotazama kitu nyuma ya kioo cha rangi. Kioo cha kahawia hakiui wekundu, kinauchanganya. Wekundu mwepesi utageuka kitu kama kutu, lakini wekundu mzito uliokolea unaonekana na unapendeza. Njano hafifu, nyeupe na zile rangi za kupauka zinapotea, na hapo mchoraji wako ana haki. Buluu nzito, kijani kizito na nyekundu ya damu vinafanya kazi kwa wengi. Kwa mteja wa ngozi nyeusi mimi hupiga kwanza nukta chache za rangi tofauti mahali pasipoonekana, namrudisha nyumbani, tunakutana baada ya wiki kadhaa zikishapona. Ngozi yenyewe itatuambia. Mchoraji asiyetaka kungoja wiki hizo ndiye anayekuambia rangi hazishiki.

La muhimu zaidi ni mchoro wenyewe. Uwe mkubwa kidogo kuliko ulivyofikiria, mistari iwe na nguvu, na iachwe nafasi ya ngozi tupu kati ya petali na petali, kwa sababu ngozi yako ndiyo itakayofanya kazi ya mwanga. Ukijaza kila kona, kwa mbali litaonekana doa.

Sasa nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa pili alikuja kijana mwenye ngozi nyeusi kama yangu, akitaka mwali wa moto kwenye shavu la mguu. Rangi ilikuwa haionekani vizuri nikiwa nachora, ikiwa imechanganyika na damu na uvimbe, na mimi badala ya kutulia nikakandamiza. Nikapita mara ya tatu, mara ya nne, palepale. Nikaona ngozi inaanza kuvimba na kung'aa, nikajiambia ni kawaida. Alirudi baada ya miezi miwili. Hakusema neno, alipandisha tu suruali. Mwali ulikuwa umeinuka kama bati lililogongwa kwa ndani, na katikati ambako nilikandamiza zaidi hakukuwa na rangi kabisa, kovu tupu. Ukikandamiza, wino hauongezeki, kinachoongezeka ni kovu. Ngozi nyeusi ina kawaida ya kujibu jeraha kwa kovu, kwa hiyo inataka mkono mwepesi kuliko nyingine, wala si mzito. Kwa hiyo mwombe mchoraji wako picha za kazi zake kwenye ngozi kama yako, tena zilizopona. Picha ya tatuu mpya yenye mafuta na taa kali haikuambii lolote.

Na kwa kuwa umetaja nyekundu: katika rangi zote, ndiyo inayoongoza kwa kuleta mzio. Kwa wengine kuwasha na uvimbe huja baada ya miezi, hata miaka. Januari 2022 Umoja wa Ulaya uliweka mipaka kwa kemikali zaidi ya 4,000 kwenye wino wa tatuu, baadhi ya wachoraji wakalalamika sana. Mimi sikulalamika. Kama ngozi yako huwa inasumbuliwa na vipodozi, anza na zile nukta.

Nilitoboa sikio la pili, pakaota kovu kubwa kama maharage. Naweza kuchora kipepeo kifuani?

Hapana, mpenzi. Hilo ni keloidi, kovu lisilojua pa kuishia; linavuka mipaka ya jeraha na kuendelea kukua. Watu wenye ngozi nyeusi tunalipata zaidi, linakwenda kwa familia, na kifua na mabega ni miongoni mwa sehemu zinazolipenda mno. Kila tatuu ni maelfu ya matundu. Mchoraji akikuambia atachora kwa mkono mwepesi na haitatokea kitu, anabahatisha na mwili wako. Kama una kovu la zamani lililotulia, la ajali au operesheni, lisilokua, hilo ni suala jingine na tunaweza kulizungumza. Lako silichori.

Mjomba wangu anasema tatuu ni mambo ya wazungu, yameletwa juzi na mabaharia, na kwamba sisi tulikuwa na chale tu. Nisaidie kumjibu bila kumkosea adabu.

Msalimie mjomba, na mwanzo umpe haki yake: mabaharia wamo kwenye hadithi. Meli ya Kapteni James Cook, nahodha Mwingereza, ilifika Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, mwaka 1769, mabaharia wake wakarudi Uingereza na alama mwilini pamoja na neno la huko, *tatau*, ambalo ndilo mzazi wa neno tunalotumia. Lakini ona, hata hapo mabaharia ndio waliojifunza kwa wenyeji. Huko Samoa, visiwa vya bahari hiyohiyo, mpaka leo wapo wanaochorwa kwa kifaa chenye meno kinachogongwa kwa kijiti, na *pe'a*, tatuu ya wanaume, inaanzia kiunoni hadi magotini. Mimi na mashine yangu ya umeme sithubutu.

Halafu mwambie habari ya mtu wa barafu. Mwaka 1991 watalii wawili waliokuwa wakipanda milima ya Alps, karibu na mpaka wa Austria na Italia, waliona maiti imechomoza kwenye barafu, wakadhani ni mpanda milima aliyepotea. Ilikuwa ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Anaitwa Ötzi, na wataalamu wamehesabu alama 61 mwilini mwake: vistari vifupi sambamba na misalaba midogo, vya masizi, kwenye kiuno, magoti, vifundo. Nyingi ziko karibu na viungo vilivyokuwa vimechakaa, kwa hiyo wengi hudhani ilikuwa tiba. Hapo mjomba atatulia, maana chale za dawa anazijua.

Ila mimi ninayempenda ni yule wa Misri. Yupo kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, maiti iliyokauka kwenye mchanga wa Gebelein, naye ni wa zaidi ya miaka 5,000. Watu walipita mbele yake kwa zaidi ya karne nzima wakiona doa jeusi kwenye mkono wake wa juu, hakuna aliyejali. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba kamera za infraredi zimeonyesha kuwa doa lile ni fahali mwenye pembe ndefu na kondoo-mwitu, mchoro wa mmoja umefunika kidogo wa mwenzake. Bara la Afrika, mjomba. Kabla ya piramidi.

Kuhusu chale, ni ndugu wa tatuu lakini si yenyewe. Kwenye chale ngozi inachanjwa kwa wembe na kovu ndilo linalokuwa alama. Kwenye tatuu tunataka kovu lisiwepo kabisa, ibaki rangi. Ukisugua masizi kwenye chale ikabaki nyeusi, tayari umesimama mlangoni pa kazi yangu. Wazungu walichokileta kweli ni umeme: mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine iliyotokana na wazo la kalamu ya umeme ya mvumbuzi Thomas Edison, ambayo ilibuniwa kutoboa karatasi za kunakilia maofisini. Kifaa cha karani kikaishia mgongoni mwa baharia.

Kama hoja ya mjomba ni ya dini, hapo sina la kumwambia. Muulizeni kiongozi wenu.

Rafiki yangu kanunua mashine mtandaoni. Ananiambia atanichora bure nyumbani kwake ili ajifunze. Anasema sindano ataichemsha. Nikatae vipi bila kumuudhi?

Mwonyeshe ukurasa huu, aniudhikie mimi.

Kuchemsha hakutoshi, kupitisha kwenye moto wa kiberiti hakutoshi, spiriti haitoshi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu iliyokauka usiyoiona kwa macho. Aina ya C inapita njia hiyohiyo, na VVU pia. Vyombo vya kurudia vinatakiwa kuingia kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi. Na sindano hairudiwi hata kwa mtu yuleyule. Inatumika, inatupwa kwenye chombo kigumu cha ncha kali, basi.

Ukienda kwa mchoraji yeyote, hata mwenye jina kubwa, fumbua macho. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, na uisome tarehe. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutupa. Akichovya moja kwa moja kwenye chupa, damu ya mteja aliyekutangulia inaweza kuwa humo. Mashine na waya vifunikwe kwa plastiki mpya. Na glavu: hapa ndipo wengi wanapoanguka, hata wazuri. Anavaa glavu safi, anachora, simu inalia, anaipokea, anarudi kukuchora na glavu zilezile. Nilifanya kazi na mtu wa namna hiyo, mikono ya dhahabu, simu haikauki. Siku moja nilihesabu akigusa vitu saba, kuanzia kitasa hadi ndevu zake, kabla hajarudi kwenye mgongo wa mteja. Nilihama wiki hiyo.

Tena wino wenyewe unaweza kuwa mchafu ukitoka kiwandani. Kati ya 2011 na 2012 huko Rochester, New York, watu 19 walipata upele wa vipele vyekundu kwenye tatuu zao, wote walichorwa kwa wino wa kijivu uliokuja umeshachanganywa. Humo mlikuwa na bakteria wa jamii ya kifua kikuu, wale wanaopenda maji. Mchoraji alikuwa hana kosa la usafi. Sasa fikiria rafiki yako anayeupunguza wino ukali kwa maji ya bomba.

Mwambie anunue ngozi bandia ya silikoni ya kujifunzia, ajichoshe nayo mwaka mzima. Mimi nilifanya hivyo baada ya kuchorwa yule ndege, na ilipaswa kuwa kabla.

Leo siku ya tano, tatuu yangu inabanduka magamba meusi, inawasha kufa, na rangi imepauka. Imeharibika? Mdogo wangu ananiambia nipake vaselini nyingi.

Haijaharibika, inapona. Magamba ni lile tabaka la juu nililolisema, linaondoka na wino wake. Usiyachune hata kama umebaki na sekunde moja ya uvumilivu. Gamba likichomolewa kabla ya wakati linatoka na wino wa chini na kuacha kidoa. Ikiwasha, piga kofi jepesi juu yake. Osha mara mbili au tatu kwa siku kwa sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja, siyo dodoki. Kausha kwa kubonyeza taulo safi ya karatasi. Mafuta kidogo sana, kiasi cha ngozi kung'aa tu; ukiirundikia vaselini kidonda hakipumui na magamba yanalowa. Usiogelee wala kuloweka mpaka ngozi ifunge, wiki mbili hadi nne. Jua ulikimbie kabisa kwa sasa. Hiyo hali ya kupauka kama maziwa itaendelea kwa wiki kadhaa, halafu siku moja utaamka uione imekolea.

Wekundu ukianza kutambaa nje ya mchoro, pakiwa pa moto, pakitoka usaha, ukiona mistari myekundu inapanda mkono, au homa, usiniandikie barua. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dada, nilichora jina la mtu shingoni. Hatuko pamoja tena. Mpenzi wangu wa sasa ananuna kila nikivua skafu. Nifute kwa leza au nifunike? – Nimekoma

Pole. Majina ndiyo yanayonipa kazi ya pili, na nimeshachoka kuonya. Siku hizi naandika, napokea, nasubiri.

Leza inafanya hivi: mwanga mkali unapigwa kwa muda mfupi kupindukia, sehemu chache za bilioni za sekunde au chini ya hapo, chembe za wino zinapasuka vipande vidogo, na safari hii walinzi wanaweza kuvibeba na kuvitoa. Kwa hiyo leza haifuti. Inapasua, mwili ndio unaofuta, taratibu. Utahitaji vikao kadhaa, mara nyingi zaidi ya vitano, na kati ya kimoja na kingine wiki sita au zaidi. Wino mweusi hutoka vizuri kuliko zote. Kijani, buluu nyepesi na njano ni wakaidi. Kwa ngozi nyeusi kuna hatari ya mwanga kunaswa na rangi ya ngozi yenyewe badala ya wino, ukabaki na alama nyeupe yenye umbo la jina lilelile. Hapo utakuwa umemwandika upya. Tafuta daktari wa ngozi mwenye leza ya mawimbi ya nanomita 1,064, ndiyo salama zaidi kwetu, tena mwenye wateja weusi wa kukuonyesha. Krimu za kufutia tatuu zisikushughulishe. Hazifiki wino ulipo, na zenye asidi zinakuunguza tu.

Kufunika kunawezekana, ila fahamu kwamba wino mwepesi haufuniki mzito. Kitakachokuja juu lazima kiwe cheusi zaidi na kikubwa mara mbili au tatu. Shingoni ni eneo dogo. Ushauri wangu kwako: vikao viwili vya leza kupausha, kisha tufunike. Na huyo anayenuna, tafadhali asipendekeze jina lake ndilo liwe la kufunikia. Usicheke, nimeombwa hivyo mara tatu.

Nilichorwa "tatuu ya muda" ya hina nyeusi. Siku ya tatu yametoka malengelenge yanayofuata maua yaleyale. Nini hiki?

Hina ya kweli haiwi nyeusi. Majani yake yanatoa rangi ya machungwa inayokolea hadi kahawia, na inataka masaa kukaa. Ile nyeusi tii inayokolea haraka huwa imetiwa dawa ya nywele, piko, yenye kemikali iitwayo PPD. Ulichopata ni mzio. Onana na daktari, na umwambie PPD kwa jina, kwa sababu mwili wako sasa umeikariri: ukipaka dawa ya nywele yenye kitu hicho hata baada ya miaka, unaweza kuvimba uso mzima.

Ya harakaharaka

Aliyeuliza kuhusu kuchangia damu: unaweza, ila utasubirishwa baada ya kuchorwa, miezi michache hadi mwaka kutegemea huduma ya damu ya kwenu. Usiwafiche tarehe.

Mwenye miaka 16 anayesema mama ameruhusu: hapana. Hata mama akija mwenyewe, hapana. Bado unakua, na mchoro utakua nawe upande usioutaka.

Mjamzito: subiri ujifungue na unyonyeshe umalize. Mchoro haukimbii.

Anayetumia dawa za kuyeyusha damu au mwenye kisukari kisichotulia: daktari wako kwanza, mimi baadaye.

Na huyu wa mwisho: "Dada, una zana zote na unajua kufunika, mbona huyo ndege wako hujamfunika?"

Alichorwa na mwenzangu tuliyekuwa tunajifunza naye, usiku, taa mbovu, sindano imeingia ndani mno na wino ukasambaa chini ya ngozi kama doa la mafuta kwenye karatasi. Ngozi ya hapo ni nyembamba, haikumsamehe. Nimeshamchorea michoro ya kufunika mara nne au tano. Halafu anakuja mteja wa kwanza, anatetemeka, ananiuliza mstari ukisambaa unakuwaje, nami nanyoosha mkono. Wiki iliyopita binti mmoja alimtazama kwa muda mrefu, akaomba stensili yake isogezwe kutoka kifundoni hadi katikati ya mkono, na iwe kubwa kidogo. Nikaifuta, nikabandika upya.